Nukta za Msalaba wa Baba

Baba alihifadhi biti zake katika mkebe wa majani ya chai uliopauka, na ndani ya mkebe mlikuwa na vitambaa vitatu. Biti ni kile chuma chembamba kilichosokotwa, kinachofungwa kwenye mdomo wa drili ili kitoboe. Kitambaa cha kwanza kilikatwa kutoka fulana yake ya zamani, nacho kilifunga biti nyeusi za kila siku, za chuma cha kawaida. Cha pili kilikuwa kipande cha leso ya Mama, na humo zilikaa biti za ukuta, zile zenye ncha pana kama kichwa cha nyoka. Cha tatu kilikuwa cheupe. Kilikuwa na biti mbili tu, unene wa milimita nne, rangi yake kama chai ya rangi inapotazamwa kwenye gilasi. Hizo za kitambaa cheupe zilikuwa za chuma kigumu, na Baba alizitoa mara chache sana. Mimi sikuwahi kuzigusa.

Tulifanyia kazi katika banda la mabati pale mtaa wa Free Area, kwenye barabara ya murram, udongo mwekundu bila lami, inayoshuka kutoka barabara kuu ya Nairobi. Nilianza kukaa naye bandani nilipomaliza darasa la nane, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mpango mwingine juu yangu, na kwa sababu pale sikulazimika kuzungumza. Drili ikilia, hakuna anayekuuliza kitu. Wateja waliingia wakanikuta nimevaa miwani ya kazi, wakauliza fundi yuko wapi, nami niliwaonyesha Baba kwa kidole hata kama kazi yao nilikuwa nayo mkononi.

Baba aliniita mama. Mimi ndiye kifungua mimba, nina jina la mama yake, na kwetu baba hawezi kumwita mama yake kwa jina. "Mama, leta biti ya sita." "Mama, tazama nyuzi." Nyuzi ni zile taka za chuma zinazojisokota na kutoka biti inapokata. Yeye hakutazama tundu, alitazama nyuzi. Nyuzi mbili zikipanda sawasawa, moja kila upande, biti imenolewa vizuri. Uzi mmoja ukitoka mnene na mwingine mwembamba, upande mmoja wa ncha ni mrefu kuliko mwenzake, na tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Nyuzi zikigeuka bluu, unakwenda mbio na unachoma biti bure.

Siku moja dereva wa lori aliyetoka Mai Mahiu alishuka na biti iliyoungua, akilalamika kwamba amenunua takataka. Alikuwa akijaribu kutoboa chuma cha nyuma ya lori ili afunge kufuli. Baba aliigeuza mkononi mwake.

"Boss, hii imeolewa na ukuta," akasema. "Wewe unaipeleka kwa chuma kufanya nini?"

"Si biti ni biti, mzee?"

"Ndiyo. Na bibi ni bibi. Kwako wanajua hivyo?"

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Baba alimtobolea tundu lake kwa biti nyeusi, polepole, akidondosha oili chafu ya gari.

Tulitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya shule. Lakini kazi iliyomletea Baba watu wa mbali ilikuwa misalaba ya makaburi. Mafundi wengine huandika jina la marehemu kwa rangi, na mvua za mwaka mmoja hulifuta. Baba aliliandika kwa matundu. Alichora herufi kwa chaki juu ya bamba la chuma, akagonga nukta nyingi kufuata chaki, kisha akatoboa kila nukta mpaka upande wa pili. Ukisimama mbele ya msalaba wake asubuhi, jina unalisoma kwa mwanga unaopita.

Nukta hugongwa kwa panchi, kipande cha chuma kigumu chenye ncha kama penseli. Unaisimamisha mahali pa tundu, unaipiga nyundo, na inaacha kishimo. Bila kishimo hicho biti huteleza na kuchora bamba. Baba alikuwa na desturi yake. Nukta ya kwanza ya jina hakuigonga yeye. Alimpa panchi na nyundo yule aliyefiwa.

"Ya kwanza ni ya wenyewe," alisema, kisha akageuka kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Watu waligonga kwa nguvu. Nilimwona mzee mmoja akipiga mpaka bamba likabonyea. Nilimwona mwanamke aliyemfunga mtoto mgongoni akipiga, mtoto akishtuka kila mara. Baba hakumwambia mtu apunguze. Kwenye chuma cha kawaida haina neno, tundu litapita tu.

Mwaka juzi ugali ulianza kumkwama Baba kooni. Alinywa maji, akasema ni uzee. Baadaye githeri, yale mahindi na maharagwe, nayo ikakataa, hata iliyopondwa. Madaktari walipotaja ugonjwa wenyewe, alikuwa amebaki na uji, na uji nao Mama alikuwa akiuongeza maji kila wiki. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kisha ya kunong'ona, kisha haikuwepo.

Hakuacha kuja bandani. Alikaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ameshika boliti mkononi, na mbele yake kipande cha paipu. Aliponiona ninakosea aligonga. Mara moja, punguza mbio. Mara mbili, inua biti ipoe. Mara tatu, simama. Jirani yetu, mzee anayetengeneza majiko na sufuria banda la pili, alikuja kumjulia hali akasikia kule kugonga.

"Aa, sasa umekuwa kengele ya shule," alimwambia. "Mimi nikisikia tatu nitaenda lunch."

Baba alicheka kwa mabega. Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka siku hizo.

Nami nikajifunza mengi katika miezi ile kuliko miaka yote ya nyuma. Tulielewana. Hakuna aliyehitaji kutafuta neno. Ningesema nilikuwa na furaha, kama si zile nguo zake zilizokuwa zikizidi kumpwaya.

Kisha alasiri moja aliinuka kwenye kreti, akapita nyuma ya mtungi wa gesi, akatoa bamba nililokuwa nikiliona miaka yote bila kuuliza. Lilikuwa la stenles, limekatwa kutoka tangi la kupozea maziwa ambalo alilikuta kwenye vyuma kuukuu. Stenles haishiki kutu. Tunakotoka sisi, juu ya Kariandusi, upepo wa ziwa Elmenteita hubeba magadi, na misalaba ya chuma cha kawaida huliwa mapema. Bamba lilikuwa limeshakatwa na kupigwa msasa pembeni. Nilipoona urefu wake na upana wake nilijua kipimo hicho ni cha nini, kwa sababu nilikuwa nimekikata mara nyingi.

Aliliweka mezani. Akafungua kitambaa cheupe, akaweka zile biti mbili kando yake. Akachukua panchi, akaushika mkono wangu, akauweka chini ya mkono wake, na kwa pamoja tukaigusa panchi kwa nyundo. Aliigusa kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba ambamo mtoto amelala. Akanisogeza nitazame. Kishimo kilikuwa kidogo, hakionekani vizuri. Akanipa nyundo nifanye peke yangu.

Nikasema, "Baba, nina geti la mteja, wacha nimalize kwanza."

Geti lile lilikuwa limekwisha, lilikuwa likingoja rangi. Alilitazama, akanitazama, akazikunja biti ndani ya kitambaa.

Alijaribu tena baada ya siku mbili. Alipokuwa akilitoa bamba nilichukua mtungi wa maji nikaenda kuteka, na ulikuwa bado umejaa nusu. Mara ya tatu aliliweka mezani kabla sijafika, na kila kitu kikiwa tayari. Nilipoliona kutoka mlangoni niligeuka. Nikasikia boliti kwenye paipu. Moja, mbili, tatu.

Nilisimama. Sikugeuza uso. Nilihesabu mabati ya banda la jirani, kisha nikaenda zangu.

Hakulitoa tena. Baada ya wiki chache hakuweza kufika bandani.

Alifariki Jumapili asubuhi, watu wakipita nje kwenda kanisani. Mazishi yakapangwa Ijumaa, kule Kariandusi, kwenye shamba ambalo babu alipata sehemu yake mzungu alipoondoka. Katika kikao cha jamaa, baba mdogo alisema tununue msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, wanauza pamoja na jeneza, ili tusisumbuke.

Mama hakuinua macho. "Huyu amewatengenezea watu misalaba miaka yote. Yeye awekewe mbao?"

"Sasa nani atatengeneza, shemeji? Fundi ndiye huyo tunazika."

"Nitatengeneza mimi," nikasema.

Watu wote waligeuka. Wengine nadhani hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yangu. Baba mdogo aliuliza kama msalaba utakuwa tayari, maana gari lingeondoka Ijumaa saa mbili asubuhi na halingemngoja mtu. Nikasema utakuwa tayari. Jumatano nilikata paipu na kuunganisha msalaba wenyewe, kazi ambayo naijua. Bamba nililiacha mpaka Alhamisi.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuja bandani. Mama, wadogo zangu wawili, baba mdogo, na mzee wa majiko ambaye alivua kofia kwenye banda aliloliingia kila siku akiwa nayo kichwani. Nilikuwa nimechora majina matatu ya Baba kwa chaki. La ubatizo, lake mwenyewe, na la baba yake. Zilikuwa nukta mia moja na kumi na nane.

Nilimpa Mama panchi. Hajawahi kushika nyundo ya fundi maisha yake yote, aliishika karibu na kichwa. Aliisimamisha panchi juu ya herufi ya kwanza, akapiga. Akapiga tena. Alipiga mara nne mahali pale pale, na mara ya nne aliguna, sauti ndogo iliyomtoka bila yeye kutaka.

Wakati huo nilikumbuka mkono wa Baba juu ya mkono wangu. Nilikumbuka jinsi alivyogusa tu. Lakini nilikuwa nimeshajieleza jambo hilo tangu zamani. Nilijiambia kwamba mkono wake haukuwa na nguvu, kwamba aligusa hivyo kwa sababu ya ugonjwa.

Mdogo wangu mkubwa akasema naye anataka ya kwake. Nikampa. Kisha yule wa mwisho. Kisha baba mdogo, aliyegonga kumi na moja mfululizo huku jasho likimtoka. Mzee wa majiko aligonga mstari mzima wa jina la pili, na yeye ana mkono wa kugonga mabati tangu ujana wake. Hakuna aliyetaka kuacha. Nilizomalizia nilizipiga kama nilivyozoea kupiga, nyundo moja nzito. Bamba likajaa vishimo vilivyozama vizuri, vya kupendeza. Nikajiambia kazi imekuwa rahisi.

Walipoondoka nilifunga biti nyeusi kwenye drili ya kusimama nikaanza na nukta ya Mama.

Biti ililia. Haikutoa uzi, ilitoa moshi. Nilipoinua, ncha ilikuwa bluu, na ndani ya kishimo chuma kilikuwa kinang'aa kama kioo. Nikabadilisha biti, na kwa kuwa niliona muda unakwenda, nikaongeza mwendo. Ya pili ikafa upesi kuliko ya kwanza. Nikaruka nikajaribu nukta nyingine, na nyingine. Biti nne nyeusi zilikwisha na sikuwa na tundu hata moja. Saa ilikuwa inakaribia saba.

Mzee wa majiko alikuja na chai kwenye chupa. Alisimama akisikiliza.

"Wewe mama, hiyo kitu inalia."

"Ni ngumu."

"Haikuwa ngumu. Umeifanya ngumu." Aliweka chupa chini. "Unaisugua bila kukata. Hii si bati, hii ukiisumbua inajikaza. Mzee aliniambia siku moja, wakati sauti bado iko."

"Alikwambia nini?"

"Ati stenles haigongwi, inaguswa. Ukiigonga sana, pale pale umegonga ndiyo panakuwa pagumu. Mimi nikagonga leo nikasema, labda yako ni tofauti." Alinitazama. "Nikadhani alikuonyesha."

"Alinionyesha," nikasema.

Alimimina chai, akanipa, akakaa kwenye kreti. Mkono wake ulienda kwenye ile boliti iliyokuwa bado juu ya paipu.

"Wacha hiyo," nikamwambia.

Akaiacha.

Nikafungua kitambaa cheupe. Biti mbili zilikuwa pale, zimepakwa mafuta, ncha zake bapa kidogo kuliko za biti nyeusi, zimenolewa na mtu aliyejua hatazitumia mwenyewe. Nikahamisha mkanda wa drili hadi mwendo wa chini kabisa, ule ambao unaweza kuhesabu biti ikizunguka. Kwenye kopo la dirishani kulikuwa na mafuta ya ng'ombe ambayo Baba aliyaomba buchari, nikayapaka kila nukta. Nikaanza kutoka mwisho wa jina la babu, mahali alipogonga mdogo wangu wa mwisho, maana mkono wake ni mwepesi. Nikakandamiza kwa uzito wangu wote na sikuiachia isugue hata kidogo.

Uzi ukatoka. Wa kijivu, mnene, ukajisokota ukadondoka.

Nilirudi nyuma herufi kwa herufi, kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Kila nukta ilikuwa na mkono wa mtu. Za baba mdogo zilikuwa ngumu. Za mzee wa majiko zilikuwa ngumu zaidi, na yeye alikuwa amekaa pale akiziona, akisema "pole" kila biti inapolalamika. Nilizogonga mwenyewe sitaki kuzisema. Biti ya kwanza ilichoka katikati ya jina la pili. Niliinoa kwenye jiwe la grainda jinsi Baba alivyonifundisha, lakini haikurudi kuwa ile aliyoinoa yeye. Nikaiweka kando, nikafunga ya pili.

Saa kumi ilibaki nukta moja. Ilikuwa ya Mama, ya kwanza kabisa, nyundo nne, na juu yake biti nyeusi iliyoisugua mpaka ikawa kioo. Niliipaka mafuta mara mbili. Nikaikandamiza polepole. Kwa muda biti ilizunguka tu, kisha ikashika, uzi mmoja mwembamba ukatoka, nikaona kwamba itapita. Nafikiri niliongeza uzito. Ikakatika kwa sauti ndogo, kama kijiti cha kiberiti.

Ncha yake ilibaki ndani ya bamba, imekaza, imevunjikia sawa na uso wa chuma. Nililigeuza bamba. Upande wa pili palikuwa laini. Tundu halikuwa limetokeza, kwa hiyo sikuwa na pa kuigongea ili itoke. Nilijaribu kuing'oa kwa koleo, haikuwa na pa kushikwa.

"Ziba juu na welding, usage," mzee wa majiko akasema. "Hakuna mtu ataona."

"Mama ataona."

Nililifunga bamba katika kitambaa cheupe nikaenda nalo nyumbani kwa miguu. Uani kulikuwa na wanawake wa kanisa wakimenya viazi vya kesho. Mama alikuwa miongoni mwao. Alipanguza mikono, tukaingia chumbani, nikaliweka kitandani upande aliokuwa akilala Baba. Alilipitisha kidole, tundu kwa tundu, mpaka akafika mwanzo.

"Hii ndiyo ile nilipiga mimi?"

"Ndiyo."

"Nilipiga vibaya?"

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Nimenyamaza katika mambo mengi na watu huona ni adabu.

"Hapana, Mama. Ni mimi." Nikamwambia yote. Bamba, kitambaa, mkono wa Baba juu ya wangu, geti lililokuwa limekwisha, mtungi wa maji. Nikamwambia ile mara tatu kwenye paipu. "Alitaka kunifundisha hii kazi, nikamkimbia."

Mama alikaa kitandani. Nje mtu alicheka, kisha akajizuia.

"Aliniandikia kwenye daftari lake, lile la siku ambazo sauti ilikuwa imekwisha," akasema. "Aliandika, 'Mama ananikimbia.' Nikamwambia akuache. Nikamwambia utakuja mwenyewe ukiwa tayari."

"Sikuja."

"Hukuja."

Hakunikemea na hakunishika. Aliweka kidole juu ya ile ncha iliyokwama, akakiacha hapo.

"Hii haitoki?"

"Haitoki."

"Biti ilikuwa yake?"

"Yake."

"Basi iache. Akienda na biti moja kuna ubaya gani." Akainuka, akafunga leso upya. "Rudi umalize, jua linashuka. Kesho gari ni saa mbili."

Kulikuwa bado na pembe nne za bamba, mahali pa boliti za kulifunga kwenye msalaba. Hizo hakuna aliyekuwa amezigonga. Nilichukua ile biti ya kwanza niliyoinoa mwenyewe. Nikaisimamisha panchi, nikaigusa na nyundo kidogo, kama mlango wa mtoto aliyelala. Biti ikapita zote nne kama inapita kwenye sabuni. Nilimaliza kazi jua likiwa bado juu ya mabati, na mzee wa majiko akanisaidia kuubeba msalaba nje.

Kule Kariandusi udongo wa juu ni wa kawaida, lakini ukichimba unakuta mweupe kama unga. Waliochimba kaburi walikuwa weupe mpaka magotini. Baada ya maombi, na baada ya ule udongo mweupe kurudishwa, wadogo zangu waliusimamisha msalaba. Mwanga ulipita kwenye matundu yote isipokuwa moja. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba fundi amesahau la kwanza.

Bado niko bandani. Kreti iko pale pale. Juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Gilgil, amefiwa na mtoto wake mkubwa, akataka jina kwenye stenles kama aliyoiona mahali. Nilimpa panchi kwa ajili ya nukta ya kwanza. Aliinua nyundo juu sana. Nikaushika mkono wake.

"Gusa tu, mathe."

"Nikigusa tu itashika kweli?"

"Itashika."

Aligusa. Kisha akabaki ameishika nyundo, hajui airudishe au la. "Mimi nilitaka kupiga," akasema.

Nilimtafutia kipande cha chuma cha kawaida, kikuu, nikakiweka juu ya fuawe mbele yake. Nikageuka nikaanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Alipiga muda mrefu.

Mvua za kwanza baada ya mazishi zilipokwisha nilikwenda Kariandusi na Mama kupanda kei, ile miti ya miiba ya ua, kaburini. Bamba lilikuwa safi, linang'aa kama tangi la maziwa. Lakini ile ncha ya biti si ya stenles. Ilikuwa imeshika kutu, na kutoka kwenye nukta ya kwanza ulishuka mstari wa kahawia, mwembamba, mpaka chini ya herufi. Niliusugua kwa msasa laini mpaka ukatoka. Mara ya pili nilipokwenda ulikuwa umerudi, nikausugua tena. Mama ananishikia chupa ya maji wakati ninasugua. Wiki hii mvua imenyesha kila siku. Jumamosi tutakwenda, na msasa nimeshauweka kwenye mkoba.